Taa za Darini, Baridi ya Marehemu

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha na maiti sebuleni na bangi darini.

Kwa aliyekosa: jina langu ni Gonnie, mke wa Sjef, aliyekuwa dereva wa lori la mikate hapa Tilburg mpaka ugonjwa wa mishipa ulipomkaza miguu, kisha mikono, kisha ulimi. Nilimuuguza miaka tisa. Bangi ndiyo iliyomlegeza misuli akapata usingizi, kwa hiyo niliotesha miche mitano darini, idadi ambayo kwetu polisi huifumbia macho.

Kisha akaja mdogo wake, Toon, na hema jeusi, taa tatu kubwa, feni, na chujio la mkaa la kumeza harufu. Miche mitano ikawa ishirini na miwili. Hapo hakuna wa kufumba macho tena. Nyumba yetu ni ya kupanga, na shirika lenye nyumba likigundua, unatoka na masanduku yako.

Sjef alijua mitano tu. Ngazi ya darini hakuipanda kwa miaka mitatu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni namenya viazi. Niliporudi sebuleni nilimkuta kwenye kiti chake, kichwa kimelalia bega, chai imepoa.

Sikulia. Niliishia hapo, na mpaka tunafika siku ninayowasimulia leo nilikuwa bado sijalia.

*

Sjef alikuwa ameomba jambo moja: asipelekwe nyumba ya maiti. Alitaka alale kwake, sebuleni, karibu na dirisha la mbele, mpaka siku ya kuzikwa. Siku hiyo ilipangwa Ijumaa.

Jumanne asubuhi na mapema shirika la mazishi lilimtuma binti mmoja mrefu, Babette, mpole, viatu vyake havitoi sauti. Tulimwosha Sjef pamoja. Tukamvalisha suti ya bluu, ambayo sasa ingewatosha Sjef wawili. Kisha Babette akaingiza kitanda chembamba chenye bamba la baridi chini yake, na mashine ndogo pembeni.

"Hii isizimwe, mama," aliniambia akichomeka waya ukutani. "Usiku na mchana. Sawa?"

"Sawa."

"Umeme wa nyumba hauna matatizo?"

"Hauna."

Babette akaaga saa nne kasoro dakika kumi. Saa nne kamili, saa ya kuwashia taa kule darini ikafanya kazi yake ya kila siku. Taa tatu zikawaka kwa pamoja, na nyumba nzima ikazimika.

Nilikwenda kwenye kabati la mita, nikainua fyuzi. Ikaanguka. Nikainua tena. Ikaanguka tena.

Nikampigia Toon.

Alikuja na koti lake la kazi. Alisimama mbele ya kaka yake, akamgusa kidole gumba cha mguu juu ya soksi, akasema, "Haya, mkubwa." Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kabati la mita. Nilimsikia akitukana kwa sauti ya chini.

"Haibebi," alisema akirudi. "Nyumba ya mwaka hamsini na mbili hii, ina fyuzi mbili tu. Taa na mashine ya baridi kwa pamoja haibebi."

"Basi tuzime taa."

"Shemeji!" Alinishika mabega. "Zimebaki wiki mbili tuvune. Mbili tu! Ukiwavurugia saa za mwanga sasa wanaharibika wote, na kazi yako yote imekwenda. Wewe mwenyewe unajua kuliko mimi."

"Na Sjef?"

Toon alimtazama kaka yake. Akajikuna shingo.

"Sjef hana haraka."



"Ni Januari," akaendelea upesi. "Nje nyuzijoto mbili. Unafungua dirisha, inatosha. Mchana tunawasha taa, usiku taa zikizima unamwashia mashine yake. Siku nne tu. Nani atajua?"

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme nilimpiga kibao, au nilimfukuza na taa zake. Mimi pia nilingoja. Nilisimama pale nikijingoja.

"Sawa," nikasema.

Niliinama, nikachomoa waya. Ile mashine ilikuwa na mlio mdogo, kama paka anayekoroma. Ukakatika. Juu, feni ikaanza kunguruma.

Nimemzima mume wangu, nikawaza. Niliwaza hivyo kama mtu anavyokumbuka kwamba sukari imekwisha. Kisha nikapanda juu kumwagilia.

*

Kwa siku mbili mambo yalikwenda. Nasema mambo yalikwenda.

Jumatano saa tatu asubuhi Babette alirudi, akapima, akakuta mwili una baridi ya usiku kucha, akaridhika. Saa nne alikuwa keshaondoka. Nilichomoa waya, nikafungua dirisha, nikapanda. Kule juu niliinua chungu kimoja kimoja kujua kwa uzito kipi kina kiu. Nikatazama kipimajoto. Nikafunga kwa uzi matawi yaliyolemewa na maua. Kisha nikashuka, nikanawa mikono mara mbili kwa sabuni ya vyombo, nikamchana Sjef nywele.

Jumanne jioni alikuwa amefika binti yetu wa pekee, Maartje, mwalimu wa shule huko Groningen, mwendo wa saa tatu kwa treni. Alikuwa hajatia mguu nyumbani tangu Septemba. Aligombana na baba yake juu ya bangi. Alisema ndiyo iliyokuwa ikimlaza baba yake kama gogo. Baba yake alimjibu kwa ulimi wake ule mzito kwamba gogo halina maumivu. Maartje akachukua mkoba wake, akaondoka.

Sasa alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akabaki ameinama muda mrefu. Asubuhi yake, tukiwa ghorofani, akauliza:

"Nini kinanguruma juu?"

"Boila."

"Boila haikuwa ikinguruma hivi."

"Imezeeka."

Akanitazama. "Mama, wewe umekula lini mara ya mwisho?"

Sikukumbuka. Nikamwambia jana.

*

Jumatano saa nane mchana watu walianza kuja kutoa pole. Nilikuwa nimewasha birika kubwa la kahawa na kupanga mikate ya soseji kwenye sinia. Watu walikaa na makoti yao, wakipuliza vikombe, kwa sababu dirisha la sebuleni lilikuwa wazi kabisa.

"Gonnie," alisema Dorus, jirani yetu wa mkono wa kulia, mzee wa maua na bustani, "hii baridi unatuandaa na sisi tumfuate Sjef leo leo?"

"Wewe wakikupeleka watakurudisha," mtu akamjibu. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu.

Ndipo akaingia mama mkwe wangu, Bibi Drika. Ana miaka themanini na minne na anatembelea fimbo, lakini fimbo hiyo anaitumia zaidi kuonyeshea watu. Alisimama mlangoni.

"Nani kafungua dirisha?"

"Mimi, mama."

"Mwanangu hakupenda upepo shingoni."

Akalifunga mwenyewe. Akaenda kwenye kile kipasha joto cha gesi tulichokuwa tukimwashia Sjef miguuni, akakiwasha hadi mwisho. Akavuta kiti, akaketi kando ya mwanawe. Toon, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni na kikombe, alinikodolea macho. Mimi nikamwendea Dorus nikamwongeza kahawa.

Saa nzima ikapita hivyo. Watu wakavua makoti. Mtu akasimulia jinsi Sjef alivyowahi kupeleka lori zima la mikate kwenye harusi isiyo yake. Wakacheka vizuri zaidi safari hii.

Bibi Drika akanyoosha mkono, akaligusa shavu la mwanawe. Akauacha mkono pale.

"Gonnie."

"Mama."

"Mbona ana vuguvugu?"



"Ni chumba, mama. Watu wengi."

"Nimezika mume na watoto wawili," alisema, bila kuninyanyulia sauti. "Huyu wa tatu. Shavu la maiti nalijua. Mbona mwanangu ana vuguvugu?"

Maartje alikuwa keshapiga magoti kando ya kitanda. Alipapasa chini ya kile kitambaa cheupe, akatoka na waya mkononi.

"Mama, mashine imezimwa."

"Labda mtu ameukwaa."

"Umekunjwa na kufungwa kwa uzi."

Ulikuwa uzi wa kijani, wa kufungia matawi. Niliutazama uzi ule kama vile nauona kwa mara ya kwanza.

"Maartje," alisema Toon, "ngoja, usichomeke..."

Akachomeka.

Kitu kilipasuka ndani ya kabati la mita, pah! Safari hii haikuwa fyuzi ya kuinua kwa kidole. Ilikuwa ile kubwa ya chini, iliyotiwa lakiri, ambayo watu wa kampuni ya umeme peke yao ndio wanaoruhusiwa kuifungua.

Zilizimika taa kwanza. Likanyamaza birika la kahawa. Halafu, polepole, feni ya darini ikapunguza mwendo, ikakohoa, ikasimama.

Ule mngurumo ulikuwa umekaa nasi tangu Oktoba. Sasa kila mtu sebuleni alitazama juu, kama watu wanavyofanya mvua ikikatika ghafla. Hata wageni ambao hawakujua kwamba walikuwa wakiusikia.

Na feni ikilala, chujio la mkaa ni ndoo tu.

Harufu ilishuka ngazi bila haraka. Ikapita ghorofani. Ikafika sebuleni.

Dorus akanyanyua pua. "Hii..." akasema. "Hii si ya maiti."

"Ni mayungiyungi," alisema Bibi Drika. Palikuwa na chombo kimoja cha mayungiyungi, mezani.

"Bibi Drika, mimi nimelima mayungiyungi miaka arobaini..."

"Nimesema ni maua, Dorus. Kula mkate wako."

Dorus akala mkate wake. Mama mkwe wangu hakunitazama. Hapo nikajua kwamba anajua, na kwamba amejua siku nyingi.

Maartje hakuwepo tena sebuleni. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi. Nikamfuata. Toon akanishika mkono wa sweta.

"Mwambie ni nyanya," alininong'oneza. "Mwambie lolote, Gonnie. Tafadhali."

Nilimvua vidole vyake kwenye sweta, kimoja kimoja, nikapanda.

*

Alikuwa ameshavuta zipu ya hema. Alikuwa amewasha tochi ya simu, anapitisha mwanga juu ya mimea, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu, kama anavyohesabu watoto wake wa shule wanapopanda basi.

"Ishirini na miwili," alisema.

"Ndiyo."

"Baba alijua?"

"Mitano alijua."

"Kwa hiyo mmemzimia baba mashine kwa ajili ya hii."

"Mchana tu."

"Mchana tu," alirudia.

Alisogeza tochi. Ikaangukia kigoda changu, na redio ndogo, na sweta langu la pili kwenye msumari, na miwani, na kikombe chenye chai iliyoota ukungu. Akavitazama vitu hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama mimea.

"Unaishi huku, mama?"

"Wakati mwingine nakaa."

"Kiasi gani?"

Nikakiokota kile kikombe.

"Mama. Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nilikuwa namenya..."

Wasomaji, hapakuwa na viazi. Nilimwambia daktari viazi, nikamwambia Babette viazi, nikamwambia mama mkwe, na wiki iliyopita nikawaambia na ninyi, na leo tena mwanzoni nimewarudia. Nimeusema uongo huo mara nyingi hata nimeanza kuyaona maganda.

"Aligonga," nikasema.

"Nani aligonga?"

"Baba yako. Alikuwa na kijiko. Sauti ilipomfifia, akawa anagonga lile bomba la joto la ukutani akinihitaji. Bomba linapita hapa." Nikamwonyesha. "Aligonga mara tatu. Akanyamaza. Akagonga tena."

Tochi ilikuwa imenielekea kifuani. Usoni hakuniletea. Nilimshukuru kwa hilo.

"Na wewe?"

"Nilikuwa nafunga tawi."

"Ukashuka."

"Aligonga kwa kila kitu, Maartje. Mto. Pazia. Televisheni. Mara arobaini kwa siku. Nilisema subiri. Nilisema kwa sauti, subiri kidogo, jamani, nami ni mtu. Nikalimaliza tawi. Kisha nikafunga na jingine, ambalo halikuhitaji kufungwa."

"Muda gani?"

"Nusu saa."

Na mimi, nilipoanza, sikuweza kuacha.

"Huku hakuna aliyeniita. Unaelewa? Hawa wakikosa maji wanainama. Ukiwapa, jioni wameinuka. Baba yako nilimpa kila kitu miaka tisa na hakuinuka hata siku moja. Toon alipoleta mataa yake angeleta hata mbuzi ningekubali. Nilitaka kitu kinachoinuka."

Nilisema yote hayo kwa sauti ileile ya kuagiza nyama buchani. Nilijisikia nikisema, na nilitaka kumtikisa huyo mwanamke.

Maartje aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akazima tochi. Tukabaki na ule mwanga wa kijivu wa kidirisha cha paa, na joto lililoanza kutoroka.

"Alinipigia simu Jumapili," alisema. "Baba. Nikaona jina lake. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasema nitampigia kesho."

Nilitaka kumgusa. Mikono yangu ilikuwa inanuka, nikaiacha mapajani.

Chini, Dorus akapaza sauti kutoka kwenye ngazi, sauti ya mtu mwenye habari njema.

"Gonnie! Usiwe na wasiwasi! Nimewapigia watu wa umeme. Nimewaambia kuna marehemu anaharibika, wameleta mtu upesi. Gari lao lilikuwa mtaa wa pili tu! Ndiye huyu ameshaingia!"

Tulimsikia fundi akipangusa viatu. Akatoa pole kwa Bibi Drika, kwa heshima. Akafungua kabati la mita. 

"Fyuzi naweza kuibadilisha sasa hivi," alisema. "Ila lazima nijue kwanza kilichovuta umeme kiasi hiki, vinginevyo itapasuka tena. Huu waya mnene unapanda wapi?"

"Boila," alisema Toon.

"Boila yenu ni ya gesi, bwana. Nimepita karibu nayo sasa hivi."

Maartje alisimama. "Nimwambie nini, mama?"

Nilitafuta jibu. Fundi akijua, ni lazima apige simu. Polisi watakuja na magunia, watabeba miche na taa na hema, na watapita na vitu hivyo sebuleni mbele ya miguu ya Sjef. Shirika litaichukua nyumba, na sina hakika kama Ijumaa Sjef atatoka kwa mlango wake mwenyewe, jambo pekee aliloliomba. Nikidanganya na fundi akakubali, taa zitawaka, na mtu wa kuzimwa ninamjua.

"Mama. Baba anazidi kupata joto."



Maartje akanitazama mara moja, si kwa hasira, akashuka ngazi. Nilimsikia akipita ghorofani, akifika chini. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, iliyonyooka.

"Bwana fundi, weka vifaa chini kidogo. Mama yangu anakuja kukueleza mwenyewe."

Vikombe vikaacha kugongana. Toon aliliita jina langu, chini chini, na mama mkwe akamwambia anyamaze.

Nikageuka nyuma nyuma, nikaushika ukingo wa sakafu ya dari, nikateremsha mguu kutafuta kipandio cha kwanza. Safari hii sikusema subiri, nikashuka.